Mtoto wa Graciela Hakupelekwa kwa Mjomba

Susu wangu,

Nakuita Susu hata kwenye karatasi, kwa sababu "nyanya" ni neno la shuleni na wewe hukuwahi kuliitikia. Naandika nikiwa masjala, saa ya chakula, mlango nimeurudishia. Wenzangu wamevuka barabara kwenda kula. Mimi nimebaki na faili ya Ijumaa. Hakimu atarudi saa nane, na kabla hajarudi inanibidi niwe nimeamua jambo moja. Kila nikikaribia kuliamua, namwona Graciela wa televisheni yetu ameketi kwenye benchi la hospitali, nawe umeketi mbele yake, kiondo ambacho hakijaisha kiko mapajani, unanigeukia na kuniuliza, "Amesema nini?"

Ni ajabu kumwandikia kwa Kiswahili mtu ambaye hakukijua. Kiswahili chako kilikuwa cha soko la Mitaboni: kuuliza bei, kushukuru na kufukuza mbwa. Kiingereza hukuwa nacho hata kidogo. Lakini Kikamba mimi nakisema tu, kukiandika sikuwahi kufundishwa vizuri, na karani huogopa kuandika asichokuwa na hakika nacho. Kwa hiyo barua hii itakufikia kama ile michezo ya televisheni ilivyokufikia, kwa lugha ya watu wengine. Safari hii sitakuwepo kukutafsiria.

Unakumbuka ile televisheni? Baba yake binamu yangu Kioko, mwanao mwingine, aliileta kutoka Athi River, alikokuwa akifanya kazi kiwandani. Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ukaishonea kitambaa cha maua na hukuruhusu mtu akiondoe ila wewe. Stima haikuwa imefika kwetu. Tulitumia betri ya gari, ambayo Baba aliifunga nyuma ya baiskeli kila Jumamosi akaipeleka Mitaboni kuchajiwa. Ili idumu wiki nzima, tulizima televisheni kila matangazo ya biashara yalipoanza. Mimi ndiye niliyehesabu. Nilihesabu polepole hadi mia moja na themanini, kisha nikawasha. Nikichelewa ulininung'unikia: "Sasa umetufungia nje. Watu wameshaanza kugombana na hatujui ni kwa nini."

Ikifika Alhamisi betri ilikuwa imechoka. Picha ilisinyaa kutoka pembeni, kichwa cha Donya Imelda kikawa chembamba kama hindi, halafu kiza. Kesho yake shuleni nilimtafuta binti ya mwalimu, ambaye kwao walikuwa na sola, anisimulie kilichobaki, nami nikakuletea jioni. Lakini hukutosheka na maneno peke yake. "Aliposema hivyo, alifanya uso gani?" Binti ya mwalimu hakuwa akinipa nyuso. Nyuso nilizitunga mwenyewe. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Graciela tulimpenda sote, lakini sasa nikiwa mtu mzima naona alikuwa analia mno. Alikuwa msichana wa kazi aliyeolewa na mtoto wa tajiri, na mama mkwe wake, Donya Imelda, hakumpa hata siku moja ya kupumua. Wewe ulimchukia Imelda kiasi cha kumgeuzia mgongo akiingia chumbani, ukasubiri nikwambie ametoka. Mimi nilimwogopa. Leo ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Alikuwa mbaya, lakini alilolitaka alilisema. Hakuna aliyewahi kumwelewa vibaya.

Wote walikuwa watu wa nchi za mbali waliotiliwa Kiingereza midomoni, na midomo haikuendana na sauti. Uliliona hilo kabla yangu. "Huyu anaongea na mdomo umefungwa," ulisema. Nikakueleza kwamba kuna watu wengine, mahali pengine, wanaowasemea. Ukafikiri huku ukivuta uzi wa mkonge. "Na wenyewe wanajua yanayosemwa kwa jina lao?"

"Sijui, Susu."

"Mimi ningetaka kujua."

Kulikuwa pia na ule mchezo wetu wa Jumapili, wa Kiswahili, wa Karani Mbwembwe katika ofisi ya chifu, aliyekuwa akipanga mihuri kwa ukubwa na kumwambia kila mtu, "Rudi kesho." Huo haukuhitaji nikutafsirie. Ulicheka kabla yangu, ukafuta macho kwa leso, ukasema, "Usije ukawa karani wa namna hii." Na kulikuwa na Wakili Hadley, aliyetembea huku na huku kortini mikono ikiwa nyuma, shahidi akajikuta amesema kweli bila kutaka. Hadley ndiye aliyenifanya nitamani korti. Nilichelewa sana kugundua kitu kimoja kuhusu korti yake: wote mle ndani walizungumza lugha moja. Hakukuwa na mtu wa katikati. Katika miaka yote ile sikuona mkalimani, mtu wa kazi yangu.

Ni saa saba na robo. Niende kwa jambo lenyewe.

Mtoto wa Graciela alipougua, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Betri ilikuwa mpya siku ile, picha safi. Daktari alitoka, akavua miwani, akasema maneno manne ya Kiingereza ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeyaelewa. Graciela akateleza chini kando ya ukuta. Nawe ukanigeukia. "Amesema nini?"

Mama alikuwa ameniambia, mwezi mmoja tu kabla, kwamba kati ya Baba na baba yake Kioko kulikuwa na mtoto mwingine, na kwamba alifia hospitalini. Nilikuangalia mikono. Ilikuwa imesimama juu ya kiondo. Nikasema, "Amesema mtoto amepona, lakini mapafu yake ni dhaifu, anapelekwa kwa mjomba wake, mji wenye hewa nzuri."

"Na huyu mbona anaanguka?"

"Ni furaha, Susu."

Jumapili iliyofuata ulimbeba yule jogoo mwekundu hadi kanisani ukamtoa shukrani. Katekista akauliza, "Ni shukrani ya nini, mama?" Ukasema mbele ya watu wote kwamba kuna mtoto wa jamaa yako alikuwa mahututi, naye amepona. Kanisa likapiga makofi. Mimi nilikuwa benchi la watoto, nikaangalia viatu vyangu hadi wimbo ukaisha.

Ni uongo uliohitaji kulishwa kila siku. Graciela akienda makaburini na maua, nilisema ni bustani ya mama yake. Akivaa nguo nyeusi, nilisema ndiyo mitindo ya kwao. Uliuliza, "Huyo mjomba haandiki barua?" Nikabuni barua. Nilimpa mtoto darasa, nikampa mbwa, nikamfanya wa tatu katika mtihani. Miezi mitatu, Susu. Nilikuwa najua zaidi kuhusu mtoto yule kuliko waliomtunga.

Kisha shule zikafungwa na Kioko akaja kutoka Athi River na kofia yake iliyogeuzwa nyuma. Akaketi kwenye kigoda, akakusikia ukiniuliza kama mtoto atakuja Krismasi. Akacheka. "Wee, huyo mtoi si alidedi kitambo?" Nilimkanyaga mguu. Akadhani shida ni kwamba hukumwelewa, akakurudia wewe kwa Kikamba chake cha kuokotaokota, polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni njia. Mtoto alikufa. Alikufa zamani. Wakamzika.

Uliinuka ukaizima televisheni katikati ya mchezo, jambo ambalo hukuwahi kulifanya. Nilingoja unichape. Ukasema, sauti chini, "Wa kwangu alipokufa hospitalini, mimi nilikuwa na homa, na wanaume wakaona nisiambiwe. Nilipona nikakuta udongo umeshakauka juu yake. Walinihurumia. Sasa na wewe."

"Susu, sikutaka ulie."

"Kazi yako ni kuleta maneno. Kulia ni kazi yangu. Nani alikupa kazi yangu?"

Kisha ukaketi, ukasema, "Anza pale daktari alipotoka."

Nikaanza. Nilikusimulia mchezo uliopita miezi mitatu, mbele ya kioo kilichozimwa, Kioko akiwa ameshika kofia mkononi. Niliyasema maneno manne ya daktari kama yalivyokuwa. Nikakwambia alivyoteleza ukutani, na kwamba haikuwa furaha. Ulilia muda mrefu, na sikuweza kujua ni mtoto yupi uliyekuwa unamlilia. Ulipomaliza ulipenga kamasi ukasema, "Sasa washa."

Tangu siku hiyo nilikuletea kila kitu. Ilikuwa kazi ngumu, hasa kwa Imelda. Mara ya kwanza alipomwita Graciela jina lile baya, niliona haya. Nikasema, "Amekasirika."

"Nimeona amekasirika, macho ninayo. Amesema nini?"

"Ni matusi, Susu."

"Basi tukana. Sio wewe unayetukana, ni yeye. Wewe umebeba tu."

Nikatukana. Ukanisahihisha, ukanipa tusi zito zaidi la Kikamba, ukasema lile langu halikutosha uzito wa uso wake. Mama akachungulia kutoka jikoni, nasi wawili tukatazama mbele kama watu walio kanisani.

Hujui nilikofika. Uliniacha nikiwa chuoni. Sasa ni karani katika korti ndogo huku kwetu, ambayo sitaitaja, na bado niko katika muda wa majaribio. Kazi yangu ni faili, na pia kusimama kando ya shahidi: anasema Kikamba, mimi nasema Kiingereza, Hakimu anaandika. Anachoandika ndicho kitakachobaki.

Ijumaa ilikuwa zamu ya mama mmoja anayeuza mbaazi sokoni. Ni mjane. Mtoto wa shemeji yake aliuza kipande cha shamba lake wakati yeye amelazwa hospitalini, na sasa anadai walikubaliana. Kijana ana wakili. Mama yule ana mimi tu. Alikuwa amekasirika tangu asubuhi, na mara mbili Hakimu alimwonya kwamba akitoa tena maneno makali, atalala ndani kwa kuidharau korti. Maonyo yote mawili nilimfikishia, nikimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama wa umri wake. Alinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama nilipochelewa kuwasha televisheni.

Wakili akauliza: je, kijana alikueleza kabla ya kuuza? Mama akajibu, na nayakumbuka maneno yake neno kwa neno, siku nne sasa nayakumbuka: "Huyu ni mwizi. Hakuniambia chochote. Alichukua shamba nikiwa sijui usiku wala mchana. Na wewe bwana unayeandika, ukimwamini, basi na wewe ni mwizi mwenzake."

Hakimu akainua kichwa, akaniangalia. "Anasema nini?"

Niliona mlango wa rumande. Nilimwona akishuka ngazi zile na kikapu chake. Nikasema, "Mheshimiwa, anasema hakuelezwa vizuri."

Wakili akasimama upesi. "Kwa hiyo alielezwa, Mheshimiwa, ila hakuridhika na maelezo."

Hakimu akaandika. Nilisikia kalamu. Ningeweza kusema wakati ule, nilikuwa na muda wa kuhesabu hadi mia moja na themanini. Sikusema. Na kesi ilipokwisha, mama yule alinikuta barazani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Umenisemea vizuri."

Hukumu inasomwa Alhamisi. Leo ni Jumanne. Jana nilimdokezea karani wetu mwandamizi, mtu mpole, anayeelekea kustaafu. Alinisikiliza huku akipanga mihuri. Akasema, "Faili ikishafungwa, usiifungue kwa mkono wako mwenyewe. Uko kwa majaribio. Wacha kwanza. Rudi kesho tuone." Susu, aliyasema hayo maneno bila kucheka, na mimi sikuweza kucheka.

Naogopa kufukuzwa. Naogopa kushtakiwa. Naogopa jambo dogo zaidi, ambalo naona aibu kuliandika: kwamba ili kusahihisha, itabidi nisimame mbele ya Hakimu na kumwambia kwa kinywa changu kwamba aliitwa mwizi. Nimejaribu kulisema hapa peke yangu, kwa mafaili. Nimefika kwenye "Mheshimiwa" nikaishia hapo.

Gari lake limeingia. Nasikia mlango wa gari. Ngoja.

Ni saa kumi na nusu. Nimerudi masjala.

Nilibisha kabla hajavua koti. Nilisimama. Alikuwa anafuta miwani, na nikafikiri, huyu sasa ndiye daktari, na mimi ndiye ninayepaswa kusema maneno manne. Nikasema jibu la mama yule kwanza kwa Kikamba, ili nisilikwepe, kisha kwa Kiingereza, lote, pamoja na mwizi mwenzake. Aliacha kufuta.

"Alisema hivyo kuhusu mimi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini alisema ni ikiwa utamwamini yule kijana."

Akavaa miwani. "Na wewe uliogopa kwamba nitamfunga."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Labda ningemfunga." Akavuta faili, akaifungua mahali palepale. "Lakini ningeandika kwanza."

Hakupaza sauti. Alisema Alhamisi hatasoma hukumu. Pande zote mbili zitaitwa, na mama atatoa upya ushahidi wake kwa mkalimani mwingine. Akasema mimi niandike maelezo ya nilichofanya, yatapelekwa kwa wakubwa, na yatakaporudi hajui yatarudi na nini. Mwisho akasema kuna mtu anayepaswa kuyasikia haya kabla ya Alhamisi, na asiyasikie kutoka kwa karani mwingine.

Nikaenda sokoni kwa miguu yangu. Mama alikuwa ameketi nyuma ya gunia, anapepeta. Nilichuchumaa, nikamwambia kila kitu, mwanzo hadi mwisho: alichosema yeye, nilichosema mimi, wakili alichofanya nacho, na kwamba Alhamisi ataulizwa tena. Sikumwambia kwamba nilimhurumia.

Aliuacha ungo.

"Kwa hiyo siku ile hukumwambia ni mwizi?"

"Sikumwambia, mwaitu."

"Na mimi nikakushika mkono nikakushukuru."

"Ndiyo."

Mteja akaja. Akampimia mbaazi kikombe kimoja, akamwongezea kiganja, akamwaga kwenye mfuko wake, akafunga. Mteja akaenda. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa, miguu imekufa ganzi, na nilijua kwamba lolote atakalosema ni haki yake, na kwamba sina mahali pa kuligeuza.

"Na leo umemwambia?"

"Leo nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Hakuwa amenisamehe, na hakusema amenisamehe. Lakini alisogeza gunia kidogo ili nipate mahali pa kukaa, akainama karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Alifanya uso gani?"

Safari hii, Susu, nilikuwa nimeuona mwenyewe. Nikampa uso ule kama ulivyokuwa, sikuongeza kitu.

Maelezo yangu bado sijayaandika. Nimekuandikia wewe kwanza. Sijui mwezi ujao nitakuwa nimeketi wapi. Nyumbani sasa stima ipo, televisheni ni ya rangi na hakuna anayehesabu matangazo. Nikienda, nikiketi peke yangu mbele yake, najikuta natafsiri kwa Kikamba, chinichini, kisha nanyamaza ili uulize.

Kama huko uliko kuna anayejua Kiswahili, mwombe akusomee barua hii. Mwambie asikuhurumie.

Mjukuu wako,
mbeba maneno